Deni la Aliyestaafu na la Aliyeumia Kazini

Baba anayedai ng'ombe wa mahari waliosalia kwa mkwewe haendi kwa kunyata. Katika nchi hii ya Wakurya, ng'ambo zote mbili za Mto Mara, Tarime kwa upande mmoja na Serengeti kwa upande wa pili, mdai wa namna hiyo hufika asubuhi na mashahidi wake, hutaja idadi, hutaja rangi ya kila mnyama, na hapana mtu anayethubutu kumwambia kwamba anaomba msaada. Lakini baba yule yule, akiwa amestaafu ualimu au ameacha vidole vyake katika mashine ya mwajiri, aendapo kuulizia mafao yake huvua kofia mlangoni, husimama mpaka aambiwe aketi, na akijibiwa kwamba arudi wiki ijayo hushukuru kwa sauti ya mtu aliyefadhiliwa. Haki zote mbili ni deni, na hili la pili limeandikwa katika sheria za nchi kwa wino ulio wazi kuliko maagano yoyote ya mahari. Ila masharti ya mahari ameyajua tangu ujana wake, na masharti ya sheria hakuna aliyemfundisha.

Nasema kwamba kosa hilo si lake. Serikali iliyotunga sheria za pensheni na za fidia, ikaweka ndani yake muda wa kudai na karatasi za kudaia, ina dhima ya kuifikisha elimu hiyo, pamoja na mapokezi ya madai yenyewe, katika ofisi ya kata, pale pale mtendaji anapoketi. Na maadamu haijafanya hivyo, kila dai linalokufa kwa kupitwa na wakati katika vijiji vyetu ni deni ambalo mdaiwa amelifuta bila ya ridhaa ya mdai.

Watu wa Mara walipaswa kulijua jambo hili mapema kuliko wengi. Tangu zama za Waingereza, Wakurya walichukuliwa kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, na katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Afrika Mashariki walifika hata Burma. Waliporudi, askari wa vyeo vya chini aghalabu walipewa kiinua mgongo cha mara moja, wakaagwa, na uzee wao ukaachiwa watoto wao na mifugo yao. Wana na wajukuu wao waliingia katika jeshi la nchi iliyo huru na katika polisi, wengine wakapigana vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na wengi zaidi wakawa walimu, waganga wasaidizi, makarani na askari wa wanyamapori. Hapana ukoo huku usiokuwa na mtu mmoja aliyekula mshahara wa serikali. Hata hivyo, ukiuliza katika baraza la wazee pensheni huhesabiwaje, au mtu aliyevunjika mgongo kazini anadai kwa nani, utapata majibu mengi yanayopingana.

Tuanze na asili ya fedha yenyewe, kwa maana hapo ndipo fikra ya hisani inapokosa msingi. Mtumishi wa serikali aliyestaafu kabla ya Julai 1999 alilipwa na Hazina, naye hakuwa amekatwa kitu. Tangu mwezi huo kila mtumishi ni mchangiaji. Kulikuwa na mfuko wa PSPF kwa watumishi wa serikali kuu, LAPF kwa serikali za mitaa, PPF kwa mashirika ya umma, na GEPF. Mpaka Sheria Na. 2 ya 2018 ilipoiunganisha yote minne kuwa mfuko mmoja, PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti 2018, na NSSF ikaachiwa sekta binafsi na watu waliojiajiri. Katika kila shilingi mia za mshahara wa mtumishi wa umma, shilingi tano hutoka kwake na kumi na tano kwa mwajiri wake, na hizo kumi na tano nazo ni ujira wa jasho lake ambao badala ya kupewa mkononi mwisho wa mwezi umewekwa amana mpaka siku ya udhaifu. Serikali yenyewe imekiri deni la namna hii: mwaka 2021 ilitoa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni mbili kwa PSSSF, ili kufidia mafao yaliyokuwa yakilipwa kwa miaka ya utumishi ya kabla ya 1999, ambayo haikuwa imechangiwa. Sadaka haifidiwi kwa hatifungani.

Na atakaye ushahidi kwamba mafao hudaiwa hata mbele ya jaji, awakumbuke wafanyakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, watu wa reli, bandari, posta na ndege, ambao baadhi yao walizitumikia meli za Ziwa Victoria. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Nchi tatu zikatia sahihi mapatano ya kugawana mali na madeni mwaka 1984. Na wazee wa Tanzania walipanda na kushuka ngazi za mahakama, wakaandamana katika barabara za Dar es Salaam wakiwa na mikongojo, hata mwaka 2005 ndipo mapatano ya malipo yalipoandikwa mbele ya Mahakama Kuu. Ilikuwa miaka ishirini na minane, na hata baada ya hapo mabishano hayakukoma. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, na waliolipwa walilipwa kwa sababu walikuwa na kadi zao za kazi, barua zao za ajira na ustahimilivu wa kutokubali kwamba wanaomba.

Sasa nije kwenye hesabu, ambayo siku hizi imeitwa kikokotoo na kutiwa hofu kana kwamba ni elimu ya nyota. Mtumishi hustaafu kwa hiari akifika miaka 55 na kwa lazima akifika 60, na ili apate pensheni ya kila mwezi mpaka kufa kwake ni sharti awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka kumi na mitano. Huchukuliwa wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu iliyo bora ndani ya kumi ya mwisho, ukazidishwa kwa miezi aliyochangia, ukagawanywa kwa 580. Jibu lake ndilo pensheni ya mwaka mzima. Sehemu ya pensheni hiyo hugeuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa kwa 12.5, na sehemu iliyobaki hulipwa mwezi kwa mwezi.

Chukua mwalimu wa shule ya msingi aliyefundisha miaka thelathini, ambaye wastani wa mshahara wake ni shilingi 1,160,000 kwa mwezi. Pensheni yake ya mwaka ni shilingi 8,640,000. Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, iliyoruhusu asilimia 33 kuwa mkupuo, angepokea shilingi 35,640,000 kwa mara moja na shilingi 482,400 kila mwezi. Kwa kanuni ya zamani ya mifuko ya PSPF na LAPF, iliyogawa kwa 540, ikatoa nusu nzima kuwa mkupuo na kuizidisha kwa 15.5, mwalimu huyo huyo kwa mshahara huo huo angepokea mkupuo wa shilingi 71,920,000, na kila mwezi kama shilingi 387,000. Hapo ndipo kilio cha walimu kilipotoka: mkupuo umepungua kwa nusu na zaidi, na nyongeza ya mwezi, ingawa ipo, haimjengei mtu nyumba aliyokuwa akiipigia hesabu tangu siku ya kuajiriwa. Kanuni za 2018 zilikuwa zimetaka asilimia 25 tu, Rais Magufuli akazisimamisha Desemba ya mwaka ule, ikaja 33, na katika bajeti ya 2024 wale waliokuwa na nusu wakaongezwa mpaka 40, ambapo mwalimu wetu angepata 43,200,000 za mkupuo na 432,000 za mwezi.

Sisemi kwamba kikokotoo kipya ni dhuluma tupu, kwa sababu mtu akiishi miaka mingi baada ya kustaafu sehemu ya alichopungukiwa katika mkupuo humrudia mwezi kwa mwezi, na nimewaona wazee waliokula mkupuo wao wote kwa ng'ombe wa kuoa mke mdogo wakabaki wakihesabu senti. Lakini mtumishi aliyeahidiwa jambo moja alipoajiriwa, akapewa jingine alipostaafu, ana haki ya kukasirika, na ana haki zaidi ya kuketishwa na kuhesabiwa, kalamu na karatasi mezani, miaka mitano kabla ya siku yenyewe, si baada ya fedha kuingia benki. Hesabu niliyoiandika hapa haizidi uwezo wa mtoto wa darasa la saba. Kwa nini basi walimu wenyewe, ambao ndio waliotufundisha kugawanya na kuzidisha, wastaafu bila kuijua?

Haki ya mstaafu, pamoja na dosari zake zote, angalau ina jina linalojulikana. Haki ya mtu aliyepata ulemavu haijulikani kabisa, na hili ndilo lililonisukuma kuandika.

Sheria ina milango miwili, na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa mfuko wa hifadhi ya jamii wenyewe, ambao hauulizi ulemavu umetoka wapi, iwe ni kiharusi, ajali ya bodaboda au maradhi ya macho. Huuliza kama mwanachama amepoteza uwezo wa kujipatia kipato kwa namna ya kudumu. Kwa mwanachama wa NSSF kipimo ni theluthi mbili ya uwezo huo, na bodi ya madaktari ndiyo inayopima. Na michango yake iwe miezi 180, au ikipungua hapo iwe si chini ya 36, na 12 kati ya hiyo iwe ndiyo ya mwisho kabla ya ulemavu kumfika. Sharti hili la mwisho ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa mtu huugua, huachishwa kazi, hukaa nyumbani mwaka mzima akitafuta dawa za kienyeji na za hospitali, na anapokuja kudai michango ya karibuni haipo tena. Laiti angalipimwa na kudai alipokuwa angali kazini, angalikuwa na pensheni.

Mlango wa pili ni wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ukaanza kazi Julai 2015 na kulipa fidia Julai 2016. Huu ni wa aliyeumia kazini au aliyeugua kwa sababu ya kazi, na mchangiaji wake ni mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata ndururu. Sheria iliyotangulia, urithi wa Waingereza wa mwaka 1949, ilikuwa imeweka kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kisichozidi shilingi 108,000, fedha ambayo katika mnada wa leo hainunui hata ndama. Kwa hiyo sheria mpya ni neema kubwa, na wanaoibeza hawajaisoma. Hutoa matibabu, hutoa asilimia 70 ya mshahara kwa asiyeweza kazi kwa muda, mpaka miezi 24, ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na uliozidi hapo hulipwa kila mwezi, aliye hoi hata ahitaji mtu wa kumhudumia hufikiriwa, na akifa, wategemezi wake hulipwa. Wala aliyeumia hahitaji kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Inatosha kwamba alikuwa kazini.

Lakini neema hii ina saa yake. Mwajiri ametakiwa kuupa mfuko taarifa ndani ya siku saba tangu ajali imfikie masikioni, na dai lina muda wa miezi kumi na miwili. Siku moja ya mnada, nyuma ya zizi la kupimia ng'ombe, kijana mmoja alifungua mfuko wa sukari uliokuwa mtupu akanionyesha mali yake yote ya kisheria: karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, picha ya eksirei iliyokunjwa mara nne hata mifupa ikapata mistari isiyokuwa yake, na kitambulisho cha kazi kilichomeguka kona. Alikuwa kibarua wa mkandarasi mmoja, akawekwa kwenye mashine ya kusaga kokoto, nayo ikamchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Msimamizi alikuwapo akaiona damu. Alimfunga kitambaa kwa mikono yake mwenyewe, akampa nauli, akamwambia ataitwa. Masika yalikuwa yamepita mara mbili tangu siku hiyo. Hakuwa na mkataba, kwa sababu vibarua hawakupewa. Hakuwa amesikia jina la WCF. Wala hakujua kwamba mwezi wa kumi na mbili ulikuwa na maana yoyote zaidi ya kuwa mwezi wa Krismasi. Sasa atapaswa kuthibitisha kwamba mwajiri alijua, na shahidi wake ni msimamizi ambaye simu yake haipatikani. Aliyakunja makaratasi yake kwa mkono wa kushoto, polepole, na nilipomwambia kwamba hakuwa na sababu ya kuona haya alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha ninayoisema.

Nchi hii imejaa kazi za namna hiyo. Kuna machimbo ya Nyamongo na wakandarasi wanaoyazunguka, kuna barabara zinazojengwa kuelekea Mugumu, kuna hoteli na kambi za watalii za Serengeti, kuna wachimbaji wadogo na makuli wa kupakia magari. Na pote ni vijana wanaoingia asubuhi bila waraka na kutoka jioni bila waraka. Kuna haja gani ya kuwa na sheria ambayo saa yake inamhesabia mtu asiyejua kwamba imeanza kugonga?

Baada ya suala la muda, kuna la karatasi. Kwetu majina ni machache na ni ya ukoo: Chacha, Mwita, Marwa, Nyamhanga, na mtu aliyeandikwa Mwita Chacha katika cheti cha darasa la saba akaandikwa Chacha Mwita katika barua ya ajira, kisha Mwita Chacha Marwa katika kitambulisho cha taifa, kwake mwenyewe na kwa kijiji kizima ni mtu mmoja, ila kwa mfuko ni watu watatu, na hapana hata mmoja kati yao anayelipwa mpaka aape kwa wakili au mahakamani kwamba wote ni yeye. Kadhalika tarehe za kuzaliwa: wazee wetu huhesabu umri kwa rika la tohara, na karani wa zamani akiulizwa mwaka aliandika uliomjia kichwani, hata leo mtu hustaafishwa kwa daftari moja na kukataliwa pensheni kwa daftari jingine. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kuyasawazisha majina na tarehe mtu akiwa bado kazini, lakini ni nani aliyekuja kijijini kulisema hilo?

Baada ya kulipwa kuna uhakiki, ambao una busara yake, maana fedha za marehemu zimekwisha kuliwa na walio hai mara nyingi. PSSSF sasa imeuweka katika programu ya simu inayomtambua mstaafu kwa sura yake, na kwa mwenye simu janja ni wepesi mkubwa kuliko safari ya kwenda Musoma. Kwa bibi aliyefundisha watoto wa vijiji vitatu na sasa ana mtoto wa jicho, simu yake ikiwa ni ile ya vitufe, wepesi huo ni wa mjukuu, naye mjukuu yuko Mwanza.

Na mstaafu akifa, au mtumishi akifia kazini, mafao huanza safari nyingine. Mfuko utataka msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo itataka muhtasari wa kikao cha ukoo, na kikao cha ukoo huketi kwa wanaume. Nimeona mihtasari ambayo mjane alitajwa katika mstari wa mwisho, baada ya shemeji zake wote. Pensheni ya wategemezi si ng'ombe wa zizi wa kugawanywa kwa mila. Sheria imewataja mwenzi na watoto, na ndugu wa marehemu hawana cha kutangulia mbele ya hao. Kuna jambo zito zaidi linalotuhusu sisi Wakurya, nalo ni nyumba ntobhu, ambamo mwanamke asiyekuwa na mtoto wa kiume huoa mwanamke mwenzake ili nyumba yake isizimike. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya mwanamume na mwanamke peke yake. Kwa hiyo bibi aliyekuwa muuguzi akafariki, akamwacha mke wa nyumba ntobhu na watoto waliozaliwa humo, amewaacha watu ambao ukoo mzima unawajua kuwa ni wake na mfuko hauwajui hata kidogo. Sidai kwamba sheria ya ndoa igeuzwe kwa ajili ya pensheni. Nadai kwamba watoto wale, waliolishwa na kusomeshwa na marehemu, watambuliwe kuwa wategemezi wake, na kwamba muuguzi huyo aelezwe mapema, angali hai, ni majina gani ayaandike katika fomu zake na ni hati gani aziache.

Mpaka hapa nimesema juu ya walioajiriwa. Wengi wa watu wetu hawajaajiriwa kamwe. Mkulima wa mtama na mhogo aliyefika miaka sabini na mitano, mama aliyezaliwa hasikii, kijana aliyepooza kwa kuanguka mtini, hawana mwajiri wa kuwachangia wala michango yao wenyewe, na kwa sababu hiyo milango yote miwili niliyoitaja imefungwa mbele yao. Katiba ya 1977, katika ibara ya 11, imeitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini ibara ya 7 imesema kwamba masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi kwa amri ya mahakama, kwa hiyo bibi wa miaka themanini ana haki ambayo hana hakimu wa kumpelekea. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imeamuru mwajiri mwenye watumishi ishirini na zaidi awe na asilimia tatu ya wenye ulemavu, na halmashauri zimetakiwa kutenga sehemu ya mapato yao kwa mikopo ya vikundi vyao. Yote ni ya kheri, ila mkopo si posho, na aliyelala kitandani haajiriwi. Mfuko wa TASAF nao husaidia kaya iliyopimwa ikaonekana maskini, si kila mzee wala kila mwenye ulemavu.

Hali hii ingevumilika kama ingekuwa ndiyo hali ya dunia nzima, lakini sivyo, na watu wa hapa ndio wanaojua kuliko Watanzania wengine wote. Ukivuka mpaka wa Sirari ukaingia Isebania, upande wa Kenya, umo kwa Wakurya wale wale, koo zile zile, msiba mmoja. Mzee wa miaka sabini wa upande ule ameandikishwa katika mpango wa Inua Jamii tangu 2018 na hulipwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na mwenye ulemavu mkubwa ana posho yake. Fedha huchelewa, nao hulalamika, lakini hulalamika kama watu wanaodai. Ndugu yake wa upande huu, aliyezaliwa na baba mmoja kabla mpaka haujawa na maana kubwa, hana hata pa kuchelewesha. Zanzibar, iliyo ndani ya Jamhuri yetu hii hii, ilianza Pensheni Jamii mwezi wa Aprili 2016 kwa kila mkazi aliyetimiza miaka sabini, bila kuuliza alikuwa nani au alifanya kazi wapi, shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka hazina yake yenyewe, na baadaye ikaongeza hadi 50,000. Wadachi waliotutawala walikuwa wametunga kwao sheria ya bima ya uzee na ulemavu mwaka 1889. Haikuletwa huku pamoja na kodi ya kibanda.

Nitajibiwa kwamba Bara ni kubwa na fedha ni haba. Najua kwamba ni kubwa. Lakini Zanzibar haikuanza kwa kiasi kinachomtosha mtu. Ilianza kwa kiasi kinachomtambua, na nchi ambayo dhahabu yake inatoka chini ya mashamba yetu ya Nyamongo tangu 2002 haiwezi kuwaambia wazee wa Tarime na Serengeti kwamba haina pa kuanzia. Ianze na miaka themanini ikiwa sabini ni mzigo. Ianze na ulemavu ulio mzito kabisa. Ila ianze kwa sheria, si kwa mradi, ili aliyeachwa apate pa kudai.

Na hilo la kwanza, la kuileta elimu na mapokezi katani, halihitaji hata fedha. Msaada wa kisheria una sheria yake tangu 2017, na kampeni ya Mama Samia imeonyesha tangu 2023 kwamba mawakili wanaweza kufika vijijini wakitumwa. Mifuko na WCF ipange siku moja ya kila mwezi kwa kila tarafa, siku ya mnada, watu wakiwa wamekusanyika. Mtendaji wa kata apewe daftari la ajali za kazini na mamlaka ya kupokea taarifa kwa niaba ya mfuko, na tarehe ya muhuri wake ihesabiwe kuwa ndiyo tarehe ya dai. Nawaomba wabunge wetu wa Mara walipeleke hili Dodoma katika mkutano ujao wa Bunge, kwani ni kanuni ndogo inayoweza kutiwa sahihi na waziri mmoja.

Wakati tunangoja, msomaji uliye na ndugu aliyeumia kazini, na miezi kumi na miwili haijatimia, mwandikie barua leo: siku ya ajali, mahali, jina la msimamizi, majina ya waliokuwapo. Nakala moja iende kwa mwajiri, ya pili kwa WCF, ya tatu kwa mtendaji wa kata, na asitoke ofisini humo mpaka nakala yake imegongwa muhuri wenye tarehe.